Henry Moseley: Kijana aliyezipa elementi namba zake, akafia vitani akiwa na miaka 27

ASUBUHI ya Agosti 10, mwaka 1915, katika miteremko ya Chunuk Bair kwenye rasi ya Gallipoli, Uturuki, risasi ya mdunguaji ilimpata kichwani ofisa kijana wa mawasiliano wa jeshi la Uingereza. Inaelezwa kuwa wakati huo alikuwa kwenye simu ya kijeshi akipitisha amri. Alikufa hapo hapo. Siku hiyo vilima vile vilijaa maiti za Waingereza na za Waturuki, na kwa makamanda waliokuwa wakihesabu hasara, Luteni Usu huyo alikuwa mmoja tu miongoni mwa wengi.

Kwa ulimwengu wa sayansi, hata hivyo, risasi ile ilikuwa imezima taa kubwa. Marehemu alikuwa Henry Gwyn Jeffreys Moseley, mwanafizikia mwenye umri wa miaka 27, ambaye miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa ametatua fumbo lililowasumbua wanakemia kwa takriban nusu karne. Kila jedwali la elementi linalobandikwa leo katika madarasa ya sekondari, iwe Dar es Salaam, Nairobi au London, limepangwa kwa namba ambazo yeye ndiye aliyezithibitisha kwa vipimo.

Urithi wake haukuishia darasani. Leo hii, wataalamu wanapotaka kujua kinachotokea ndani ya kichocheo cha kiwandani, yaani dutu inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kumalizika, huku kikiwa katika joto la mamia ya nyuzi na gesi zikipita juu yake, hukipitishia mionzi ya eksirei na kusoma alama za elementi moja baada ya nyingine. Usomaji huo unawezekana kwa sababu ya kanuni aliyoigundua kijana huyu.

Mtoto wa nyumba ya wasomi

Moseley alizaliwa Novemba 23, mwaka 1887, katika mji wa Weymouth, kusini mwa Uingereza. Elimu ilikuwa desturi ya nyumbani kwao. Baba yake, Henry Nottidge Moseley, alikuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyesafiri na meli ya Challenger katika safari maarufu ya kuchunguza bahari za dunia kati ya mwaka 1872 na 1876, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Babu yake mzaa mama, John Gwyn Jeffreys, alikuwa bingwa wa elimu ya makombe na konokono wa baharini.

Baba huyo alifariki dunia mwaka 1891, mtoto akiwa hajatimiza miaka minne. Malezi yakabaki mikononi mwa mama, Bibi Amabel, mwanamke mwenye akili kali ambaye mwaka 1913 alitwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza katika mchezo wa sataranji. Uhusiano wa mama na mwana ulikuwa wa karibu mno, na uliendelea hivyo hadi siku za mwisho za kijana.

Alisoma shule ya Eton kwa ufadhili wa masomo, akashinda tuzo za kemia na fizikia, kisha mwaka 1906 akajiunga na Chuo cha Trinity, Oxford. Jambo la kuwafariji wanafunzi wengi ni kwamba mtu huyu hakumaliza shahada yake mwaka 1910 akiwa katika daraja la kwanza. Alipata daraja la pili. Karatasi ya mtihani haikuonyesha kilichokuwa ndani yake.

Manchester, kwenye kitovu cha atomi

Mwaka huo huo wa 1910 alikwenda Chuo Kikuu cha Manchester kufanya kazi chini ya Ernest Rutherford, mwanafizikia mzaliwa wa New Zealand. Wakati ule hapakuwa na mahali bora zaidi duniani kwa mtu aliyetaka kuielewa atomi. Mwaka 1911 Rutherford alitangaza kwamba atomi ina kiini kidogo sana chenye chaji ya umeme. Mwaka 1912 alifika hapo kijana kutoka Denmark, Niels Bohr, ambaye mwaka uliofuata alieleza jinsi elektroni zinavyokizunguka kiini hicho katika ngazi maalumu za nishati.

Mwanzoni Moseley alielemewa na kazi ya kuwafundisha wanafunzi maabara. Alipopata nafasi ya kufanya utafiti, aliifanya kazi hiyo kwa namna iliyowashangaza wenzake. Alikesha maabara hadi usiku wa manane, na walisimulia kwamba alijua mahali pa kupata chakula Manchester hata saa tisa za usiku.

Mwaka 1912 zilifika habari kutoka Munich, Ujerumani, kwamba Max von Laue na wenzake wamepitisha eksirei ndani ya fuwele na kuona mionzi ikitawanyika kwa mpangilio. Baba na mwana, William Henry Bragg na William Lawrence Bragg, wakaonyesha jinsi fuwele inavyoweza kutumika kupima urefu wa mawimbi ya eksirei. Moseley alitambua mara moja kwamba hapa kuna chombo kipya cha kuichungulia atomi. Akishirikiana na Charles Galton Darwin, mjukuu wa mwanasayansi maarufu Charles Darwin, aliingia katika uwanja huo ambao haukuwa wa maabara yao.

Fumbo la Mendeleev

Ili kuelewa alichokifanya, ni vyema msomaji akumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev alizipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomi zake, akaona kwamba tabia zinajirudia kwa vipindi. Lakini palikuwa na kasoro. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, ilhali tabia zake za kikemia zinadai itangulie. Argoni ni nzito kuliko potasiamu, na teluri ni nzito kuliko iodini, nazo pia zilibidi zipinduliwe ili jedwali lilete maana. Namba ya elementi ilikuwa ni nafasi yake tu kwenye foleni, na foleni yenyewe ilipangwa kwa kukisia. Mholanzi Antonius van den Broek alikuwa ametoa wazo kwamba namba hiyo huenda ndiyo chaji ya kiini, lakini wazo bila kipimo lilibaki wazo.

Moseley aliamua kupima. Ilikwisha kujulikana, kutokana na kazi ya Charles Barkla, kwamba elementi ikipigwa kwa nguvu ya kutosha hutoa eksirei zake yenyewe. Moseley akatengeneza bomba la kioo lililoondolewa hewa, na ndani yake akaweka reli ndogo yenye kitoroli. Juu ya kitoroli alipanga vipande vya elementi mbalimbali, akawa anakivuta kwa uzi wa hariri ili kila kipande kifike kwa zamu mbele ya mkondo wa elektroni. Eksirei zilizotoka zilipita kwenye fuwele na kuacha mistari kwenye bamba la picha.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1913 alipima elementi zilizopangana kutoka kalsiamu hadi zinki, zikiwamo chuma, kobalti, nikeli na shaba. Picha zilipowekwa moja chini ya nyingine, mistari ilishuka kama ngazi, hatua kwa hatua. Alipochukua masafa ya eksirei, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na kutafuta kipeuo chake cha pili, alikuta kinaongezeka kwa kiasi kile kile kila anapohama kutoka elementi moja kwenda inayofuata. Ukitoa moja katika namba ya kila elementi, chuma hupata 25, kobalti 26, nikeli 27 na shaba 28, na vipeuo hivyo hufuata uwiano huo huo.

Maana yake ilikuwa nzito. Namba ya elementi haikuwa tena nafasi ya kukisia kwenye foleni. Ilikuwa ni chaji ya kiini, kitu halisi kinachopimika. Kobalti ni 27 na nikeli ni 28, na uzito hauna neno la kusema katika suala hilo.

Palikuwa na jambo jingine lililoonekana kwenye bamba zile. Kwa zinki alitumia aloi ya shaba na zinki, na picha ikaonyesha mistari ya zote mbili kwa pamoja, kila moja mahali pake. Katika kipande cha kobalti ilionekana pia mistari hafifu ya chuma na nikeli iliyokuwa imechanganyika humo. Bila kutumia tindikali wala tanuri, eksirei zilikuwa zimetaja majina ya vitu vyote vilivyomo. Hapo ndipo ilipozaliwa spektroskopia ya eksirei kama njia ya kutambua elementi ndani ya mchanganyiko.

Nafasi zilizo wazi

Mwishoni mwa mwaka 1913 Moseley alihamia Oxford, akafanya kazi katika maabara ya Profesa John Townsend bila mshahara. Sehemu ya pili ya kazi yake ilichapishwa Aprili 1914, ikiwa na elementi zaidi ya thelathini, kutoka alumini yenye namba 13 hadi dhahabu yenye namba 79.

Ngazi ikishakamilika, pengo haliwezi kujificha. Moseley alitangaza kwamba elementi namba 43, 61 na 75 bado hazijagunduliwa. Mwanakemia wa Ufaransa Georges Urbain, aliyetumia miaka mingi kuzitenganisha elementi adimu zinazofanana mno, alisafiri hadi Oxford mwaka 1914 na sampuli zake, ikiwamo moja aliyoamini kuwa ina elementi mpya. Moseley alizichunguza kwa siku chache tu, akamweleza kilichomo, na elementi hiyo mpya haikuonekana. Kazi iliyomchukua mwanakemia miaka ilikuwa imehukumiwa katika wiki moja.

Miaka iliyofuata ilimthibitisha. Mwaka 1923 Dirk Coster na George de Hevesy walitangaza kutoka Copenhagen kuwa wamepata elementi namba 72, hafni, kwa kutumia eksirei. Mwaka 1925 Walter Noddack, Ida Tacke na Otto Berg walipata namba 75, reni, nchini Ujerumani. Namba 43 ilipatikana mwaka 1937 na namba 61 mwaka 1945. Yeye hakuwapo kuona hata moja.

Wito wa vita

Katikati ya mwaka 1914 Moseley alisafiri na mama yake kwenda Australia kuhudhuria mkutano wa chama cha wanasayansi wa Uingereza. Wakiwa safarini, mwezi Agosti, vita kuu ilizuka Ulaya. Alitoa mada yake, kisha akarudi nyumbani kwa haraka kujiandikisha jeshini. Ndugu na marafiki walimsihi asiende. Yeye aliona kuwa ni wajibu, akahangaika mpaka akapokelewa katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la kifalme, kitengo cha mawasiliano.

Katika kiangazi cha mwaka 1915 alipelekwa Dardanelles, ambako majeshi ya Uingereza na washirika wake yalikuwa yakijaribu kuifungua njia ya bahari ya kuelekea Istanbul. Akiwa huko aliandika wosia, akiacha alichonacho kwa Royal Society ya London kitumike kuendeleza utafiti wa majaribio. Mwanzoni mwa Agosti kikosi chake kilitumwa kwenye shambulio la Chunuk Bair. Alfajiri ya Agosti 10 wanajeshi wa Uturuki, wakiongozwa na Mustafa Kemal, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uturuki, walishuka kwa nguvu kutoka kileleni. Katika vurumai hiyo Moseley aliuawa. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Helles.

Rutherford aliomboleza hadharani, akieleza masikitiko yake kwamba taifa lilimtumia mtu wa aina ile kama askari wa kawaida wakati angeweza kulitumikia kwa maarifa yake. Hata upande wa maadui wanasayansi walihuzunika. Mwaka 1915 Msweden Svante Arrhenius alikuwa amempendekeza kwa Tuzo ya Nobel, lakini tuzo hiyo hawapewi waliokwisha kufa. Barkla aliipata ya mwaka 1917, na Manne Siegbahn wa Sweden ya mwaka 1924, wote kwa kazi ya eksirei zilezile.

Kichocheo ndani ya moto

Mwaka ule ule wa 1913, Moseley alipokuwa akikivuta kitoroli chake Manchester, kiwanda cha kwanza cha kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewani kilianza kazi Oppau, Ujerumani. Kilitegemea kichocheo cha chuma kilichopatikana na kundi la Alwin Mittasch baada ya maelfu ya majaribio. Wakati wa vita amonia hiyo iliingia katika utengenezaji wa baruti; leo ndiyo chanzo cha mbolea ya urea anayonunua mkulima wa Mbeya au wa Kitale. Chuma, moja ya elementi kumi za kwanza za Moseley, kilikuwa kikifanya kazi katika joto la nyuzi 400 hadi 500 za Sentigredi, na hakuna aliyeweza kukiona kikiwa kazini.

Ugumu wenyewe ni huu. Kichocheo kikiwa tanurini huwa na hali yake. Kikipoozwa na kuguswa na hewa, hubadilika. Chuma cha kutengenezea amonia kikitolewa nje hushika oksijeni upesi, hata kuwaka. Anayekichunguza kikiwa baridi juu ya meza anachunguza kitu kingine.

Eksirei kali, hasa zile zinazotolewa na mitambo mikubwa iitwayo sinkrotroni, zinatoa njia. Unga wa kichocheo huwekwa ndani ya kibomba chembamba au chumba chenye madirisha yanayopitisha eksirei, ukapashwa joto huku gesi zikipita. Upande mmoja mionzi inapimwa kabla na baada ya kupita kwenye unga. Upande mwingine gesi zinazotoka zinachambuliwa ili kuthibitisha kuwa kichocheo kinafanya kazi kweli. Kila elementi ina kizingiti chake cha nishati ambapo huanza kumeza eksirei kwa wingi ghafla, na vizingiti hivyo hupanda pamoja na namba ya elementi, ngazi ile ile ya Moseley. Cha chuma kiko kwenye elektronivolti 7,112 na cha nikeli kwenye 8,333. Mtafiti akichagua nishati, amechagua elementi ya kuizungumzisha, hata kama imezungukwa na nyingine kwa wingi mara mia.

Kizingiti kikisogea elektronivolti chache, hiyo ni dalili kuwa metali imegeuka oksidi au kinyume chake. Mawimbi madogo yanayofuata baada ya kizingiti, ambayo Dale Sayers, Edward Stern na Farrel Lytle walionyesha mwaka 1971 namna ya kuyafasiri, hueleza atomi jirani ziko umbali gani. Joto nalo lina gharama yake: atomi zikitetemeka sana, mawimbi hayo hufifia, na mtafiti asipokuwa mwangalifu atadhani majirani wamepungua.

Mfano mzuri ni reni, ile namba 75 ambayo Moseley alisema ipo kabla haijaonwa na mtu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 imetumika pamoja na platini katika vichocheo vya kuboresha petroli, kwenye joto la takriban nyuzi 500. Wanakemia walibishana kwa muda mrefu iwapo humo tanurini reni ni metali au ni oksidi. Hewani huoksidika kwa urahisi, hivyo sampuli baridi isingetoa jibu la kuaminika. Ilibidi iulizwe ikiwa bado ndani ya haidrojeni ya moto, kwa eksirei.

Deni lisilolipika

Mwaka 2017 ilizinduliwa sinkrotroni ya SESAME nchini Jordan, inayomilikiwa kwa ushirika na nchi kadhaa za Mashariki ya Kati na jirani zake, Uturuki ikiwamo. Miongoni mwa mitambo yake iliyotangulia kuwahudumia watafiti ni ule wa spektroskopia ya eksirei. Hivyo wajukuu na vitukuu wa watu waliopigana Chunuk Bair sasa wanaweza kukaa mezani na kusoma alama za elementi kwa kanuni ya kijana aliyefia katika vilima vyao. Bara la Afrika bado halina mtambo wa aina hiyo, na watafiti wake hulazimika kuomba zamu ng'ambo.

Kazi yote ya Moseley iliyobadilisha sayansi ilifanyika katika kipindi kisichozidi miaka miwili. Hakuna awezaye kusema miaka arobaini mingine ingezaa nini. Alikwenda vitani kwa hiari yake, na heshima ya uamuzi huo ni yake. Lakini waliompokea na kumweka mstari wa mbele walikuwa na nafasi ya kupima, kama yeye alivyozoea kupima, ni wapi mtu huyu angelifaa taifa lake zaidi. Hawakupima. Hilo ndilo swali analoliacha kwa kila nchi yenye vijana wachache wenye vipaji na kazi nyingi za kuwapa.